Mkaguzi Akija, Usifagie

Kamizawa, 9 Novemba

Mdogo wangu Mitsuyo,

Huku theluji bado haijashuka mjini, lakini milima imeshavaa nyeupe kichwani, na matunda ya kaki niliyoyaanika barazani yameanza kukunjana. Najua utasema, "Dada, acha habari za hewa, sema kilichokusibu." Haya, nasema.

Majibu ya ofisi ya mji kuhusu msaada wa kumuuguza yamekuja. Tokuji wamempa ngazi ya chini kabisa. Yaani machoni pa serikali mume wangu ni mzee mwenye uchovu kidogo tu. Tutawekewa chuma cha kushikilia chooni, na atapelekwa mazoezini mara moja kwa wiki, basi. Mtu wa kuja kumwogesha hakuna. Mahali pa kumpokea mchana ili nami nipumue hakuna.

Usidhani mkaguzi aliyekuja kumpima alikuwa mtu mbaya. Ni binti mdogo, Hatanaka jina lake, ana miwani na adabu. Tatizo ni Tokuji. Unamjua, umri wake wote kaumaliza mlangoni pa hoteli ya chemchemi za moto akipokea wageni. Tangu kiharusi kimpige, upande wake wa kulia ni gogo. Kwenda chooni nambeba mimi, na chakula nusu yake namlisha mimi. Lakini kengele ilipolia siku ile, nakuapia, yule mtu alisimama. Alishika ukuta, akaburuta mguu mpaka mlangoni, akainama, akasema, "Karibu sana, pole na safari," kwa sauti ile ile ya hotelini. Binti alipovua viatu na kupita ndani, Tokuji akajikunja na kuvigeuza vitazame nje tayari kwa kutokea, kama alivyowafanyia wageni wa hoteli, kwa mkono mmoja. Sikujua nicheke au nilie.

Binti akauliza, "Baba, kuvaa unaweza mwenyewe?"

"Naweza."

"Na kula?"

"Tazama hili tumbo, mwanangu. Hili ni la mtu asiyeweza kula?"

"Kuoga je?"

"Mke wangu ananisugua mgongo. Wake wote si ndivyo?"

Binti akacheka, akaandika. Mimi nikamimina chai.

Alipoondoka tu, Tokuji alianguka pale pale mlangoni. Kesho yake alilala kutwa hakugusa hata uji wa mchele. Hiyo hakuna aliyeiandika.

Sikupigii simu kwa sababu simu iko kando ya kitanda chake, na masikio yake hayakupata kiharusi.

Dada yako,
Kikue


Kobe, 15 Novemba

Dada,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni mwa mgahawa wangu na kabichi yote ya wateja imeungua. Shemeji huyo! Angekuwa maiti angeinuka jenezani ampe mgeni ndala.

Lakini nikuulize wewe, na usinikasirikie. Siku ile nyumba ilikuwaje? Nakujua mimi. Ulifagia tangu alfajiri. Ulimnyoa, ukamvika shati la pasi. Kiti cha choo ulikificha kabatini na nepi ukazirundika nyuma ya mito. Chai uliyomimina ni ile ya wageni, na bila shaka kulikuwa na keki za maharage. Sikuwepo lakini nayaona yote. Basi aliyemdanganya mkaguzi si shemeji peke yake.

Mficha uchi hazai, dada. Mimi nilimuuguza mama mkwe mpaka akafa, na mara ya kwanza nilifanya upumbavu huo huo. Nilipamba mpaka maua mezani. Mkaguzi akija, usifagie! Mwache akanyage makombo. Akute harufu. Wewe unamwita mgeni, lakini yule ni jicho la serikali, na jicho ukilionyesha maua litaandika maua.

Rudi ofisini uwaombe wampime upya. Na shemeji mwambie aache majivuno ya hoteli, maana hoteli yenyewe ilishafungwa.

Mkorofi wako,
Mitsuyo


Kamizawa, 2 Desemba

Mitsuyo,

Ndiyo, nilifagia. Ulitaka nimkaribishe binti wa watu juu ya mkojo? Mama yetu angefufuka anichape.

Nimekwenda ofisini kama ulivyoniagiza. Alinihudumia kijana mpole sana. Aliniinamia mara tatu, na kila mara alikuwa ananikatalia. Alifungua faili akanisomea: anasimama mwenyewe, anatembea akishika ukuta, anazungumza vizuri, anajua tarehe. Nikamwambia hayo yote aliyafanya mara moja tu, kwa ajili ya mgeni. Akauliza, "Mama, tangu mkaguzi aje, hali ya mzee imebadilika?" Nikasema haijabadilika, ilikuwa mbaya na bado ni mbaya. Akasema, "Basi kama hali haijabadilika, mama, majibu nayo hayawezi kubadilika." Akainama tena. Nami nikainama. Tuliinamiana pale kama kuku wanaodonoa.

Nilikuwa nimemwacha Tokuji kwenye kiti, nimemfunga blanketi na kumwashia televisheni. Niliporudi nilimkuta chini, ameloa, midomo ya bluu. Akaniuliza nilikuwa wapi.

"Nilikwenda kununua figili."

"Figili yenyewe iko wapi?"

Sikuwa na figili. Alinitazama mpaka nikageuka ukutani.

Na hilo neno lako la majivuno, lirudishe mdomoni. Mimi namsema kwa sababu ni wangu. Wewe huna ruhusa. Ni rahisi kutoa amri ukiwa Kobe, ambako hakuna theluji na mume wako anakwenda chooni mwenyewe. Usiniandikie mpaka upoe.

Kikue


Kobe, 8 Januari

Dada yangu,

Ulisema nisiandike mpaka nipoe. Nimepoa zamani, sasa nimeanza kuganda.

Kadi yako ya mwaka mpya haikuja. Tangu niolewe haijawahi kukosekana, hata mwaka ule wa tetemeko ilinifikia kambini. Mwaka huu nimepata kadi ya fundi meno, ya muuza magari, na ya mtu ambaye hata simkumbuki. Yako hakuna.

Juzi nikashindwa kuvumilia, nikapiga simu. Akapokea shemeji. "Ahsante kwa kutupigia. Sisi tuko salama salimini. Kikue yuko nje anaondoa theluji. Karibuni sana Kamizawa majira ya kuchipua, mandhari ni nzuri." Nilitaka kumwuliza chumba bei gani. Lakini nyuma ya maneno yake nilisikia mtu anakohoa, na mtu huyo hakuwa nje.

Nisamehe kwa yale maneno. Niandikie hata mstari mmoja.

Mitsuyo


Kamizawa, 17 Januari

Mpenzi Mitsuyo,

Mwaka mpya mwema, ingawa umechelewa. Tuko salama. Kadi nilisahau kununua, uzee huo. Mikate ya mchele nilimkatia Tokuji vipande vya ukubwa wa harage asije akakabwa, akalalamika kwamba nimemfanya kuku. Theluji imefika madirishani. Muuza mafuta ya taa anatusaidia kuondoa ya mlangoni, Mungu amjalie.

Tokuji hajambo. Siku moja tulioga kwa muda mrefu kidogo, ndipo nikapata mafua. Usihangaike kupiga simu.

Kikue


Kobe, 21 Januari

Dada,

Umeandika kwa mkono gani?

Wewe ndiye uliyenifundisha kushika brashi ya kuandikia. Mwandiko wako naujua kuliko uso wangu. Barua hii mistari yote imelalia kushoto, na jina lako mwenyewe limekosewa na kurudiwa. Ni mwandiko wa mtoto, au wa mtu asiye na mkono wa kulia.

Na huko kuoga kwa muda mrefu ndiyo nini?

Usiniletee habari za mikate. Nijibu.

Mitsuyo


Kamizawa, 29 Januari

Mdogo wangu,

Kushoto. Wa kulia umevunjika kifundo, uko kwenye plasta.

Ilikuwa tarehe ishirini na saba Desemba, mchana. Nilitaka aingie mwaka mpya akiwa safi. Nilipokuwa namtoa kwenye beseni la kuogea aliteleza, nami nikajiweka chini yake, maana angekwenda na kichwa kwenye vigae. Nikasikia mfupa wangu unalia kama kijiti. Hatukuweza kuinuka, si mimi wala yeye. Tulilala pale sakafuni, uchi, yeye juu yangu, maji yakipoa, na mimi nikimwambia tukae tu, tukae tu. Muuza mafuta ndiye aliyetusikia. Aliingia na viatu vyake mpaka bafuni, na Tokuji, akiwa vile vile alivyo, akamwambia, "Samahani kwa fujo hii."

Hospitalini nilisema nimeteleza barabarani kwenye barafu. Niliona aibu. Wewe mwenyewe nimekuficha kwa sababu hiyo hiyo.

Mitsuyo, maji yamenifika shingoni. Kumgeuza kitandani kwa mkono mmoja siwezi, nasukuma kwa kichwa. Kila asubuhi nikiamka natamani isingekuwa asubuhi. Kuna siku tunasoma magazetini habari za mke fulani na mume wake mgonjwa, wamekutwa wote wawili wamekufa, na majirani wanasema walikuwa watu wapole. Zamani nilikuwa nalifunga gazeti na kusema, alikuwaje yule mama? Sasa sisemi tena. Nimeanza kumwelewa.

Nimekwenda tena ofisini na plasta yangu. Kijana yule mpole alifurahi. "Sasa hali imebadilika, mama!" Kana kwamba mkono wangu ni habari njema. Binti Hatanaka atakuja tarehe kumi na nane Februari.

Safari hii tukikataliwa sijui.

Kikue


Kobe, 4 Februari

Dada yangu, dada yangu,

Nimelia mpaka wateja wakaanza kujipakulia wenyewe. Usifanye lolote. Unanisikia? Amka asubuhi, kunywa supu, ingoje tarehe kumi na nane. Kila siku saa ya chakula cha mchana nitapiga simu, nitaongea na shemeji kuhusu hoteli, nawe pita tu karibu ukohoe nijue upo hai.

Ningekuja. Sasa nikwambie kwa nini siji. Figo za mume wangu Yasuo zimekufa tangu kiangazi. Kila baada ya siku moja nampeleka kusafishwa damu, na akirudi hawezi kusimama. Nimekuficha kwa sababu wewe mzigo wako ulikuwa mkubwa zaidi. Wewe ukadhani mimi nimekaa Kobe natoa amri. Haya, tumefichana vya kutosha, tumefanana.

Sasa sikiliza, maana hili nimelipitia na Yasuo na tulipewa. Usifagie. Usimnyoe. Kiti cha choo kikae katikati ya chumba. Usimimine chai hata kidogo. Na shemeji akianza mambo yake ya karibu sana pole na safari, wewe toka nje ya nyumba. Simama kwenye theluji. Mwache aanguke, mkaguzi aone. Najua ni ukatili. Mume wako anataka binti yule amwone mwanamume, na wewe unataka amwone mgonjwa. Kwa siku hiyo moja mmoja wenu lazima ashindwe. Ashindwe yeye.

Mitsuyo


Kamizawa, 19 Februari

Mitsuyo,

Jana alikuja.

Sikufagia. Usiku uliotangulia mkono ulinitambaa kuelekea ufagio na nikaurudisha. Kiti cha choo nilikiacha palipo na mwanga. Asubuhi Tokuji alikitazama, akatazama makombo, akatazama shuka chafu niliyomfunika mabegani.

"Leo si mgeni anakuja?"

"Anakuja."

Nilipochukua wembe, kwa mazoea tu, si kwa kukusudia, akanisukuma mkono. "Leo usininyoe," akasema. Nikadhani amenuna.

Kengele ililia. Nilishavaa koti, tayari kutoka nje kama ulivyosema. Lakini hakusimama. Hakuinama. Alibaki amekaa kitandani, ndevu nyeupe kidevuni, mate yamemshuka upande ule. Nilimwogopa.

Binti akapiga magoti kando yake. "Baba, unaikumbuka tarehe ya leo?"

"Tarehe naijua. Kichwa hakina neno, na hiyo ndiyo taabu yangu. Binti, safari ile nilikudanganya. Shika kalamu."

Akaanza kusema. Ile sauti ya hotelini ilikuwepo, Mitsuyo, taratibu na yenye heshima, kama anamweleza mgeni njia ya kwenda chemchemini. Alisema anajikojolea, na si usiku tu. Alisema barafu ya barabarani ni uongo, kwamba yeye ndiye aliyenivunja mkono, akamweleza habari zote za bafuni. Halafu akasema na yale ambayo sikukwambia hata wewe. Kwamba mwezi wa sita alinipiga usoni na bakuli la supu kwa hasira za kulishwa. Kwamba nalala nimejifunga mshipi wa kimono kiunoni na ncha yake kwenye kifundo cha mguu wake, akitaka kuinuka nishtuke. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema, "Tokuji, yatosha." Akasema, "Mwache aandike. Binti, umeandika bakuli?"

"Nimeandika, baba."

"Mke wangu ana miaka sabini na mbili. Anakufa kabla yangu. Andika na hilo."

Binti alivua miwani akaifuta. Mlangoni alinishika mkono wangu mzima akasema, "Mama, safari hii nimeona." Majibu yatachukua mwezi. Nafikiri tutapewa. Nafikiri wataleta mtu wa kumwogesha, na siku tatu kwa wiki atachukuliwa asubuhi na kurudishwa jioni. Ndicho tulichokuwa tunakililia, mimi na wewe.

Niliporudi ndani Tokuji akaniuliza, "Begi langu la bluu liko wapi?"

"La nini?"

"Watanichukua leo au kesho?"

Ndipo nikaelewa. Unamkumbuka mzee Iwabuchi wa nyumba ya tatu? Alipimwa, akapewa ngazi ya juu, na baada ya wiki gari lilikuja likampeleka nyumba ya wazee kule bondeni, mkewe akabaki. Ni wanawe walioamua, lakini hilo Tokuji hakulijua. Yeye alichoona ni mkaguzi, kisha gari. Basi siku ile ya kwanza hakusimama kwa sababu ya hoteli. Alisimama ili asitolewe nyumbani kwake, asitenganishwe na mimi. Sisi tuliita majivuno, tukacheka. Na jana hakusimama kwa sababu ameamua aende zake, nipone mimi.

Sasa nitakwambia kilichobaki, halafu usinijibu kwa kunifariji.

Ilitakiwa nimwambie pale pale, "Hapana, mume wangu, hakuna wa kukuchukua." Ni maneno machache tu. Sikuyasema. Nilikwenda chumba cha nyuma nikalitafuta lile begi. Nikalipata juu ya kabati, nikalishusha kwa mkono mmoja, nikalipangusa vumbi. Nikaweka shati. Nikaweka soksi, nikizikunja moja moja. Nilikuwa najiona nimelala peke yangu, bila mshipi kiunoni, nimelala mpaka jua limetoka. Nilikuwa na furaha, Mitsuyo. Sijaona furaha kama ile tangu augue.

Nilipotoka na begi alikuwa amejiburuta mpaka mlangoni, amekaa kwenye kizingiti, anajaribu kuvaa kiatu. Aliona begi limejaa. Akasema, "Ahsante kwa kunipangia."

Nikakaa chini kando yake nikamwambia ukweli, kwamba haendi popote. Nimemwambia mara nyingi tangu jana. Anaitikia kwa kichwa, kwa adabu zote, na hanisadiki.

Kikue